UZI: Mkunga wa Mto Athi: ni samaki gani, kwa nini hazai bwawani, na namna ya kumvusha ukuta

Kitengela_Shambani
Wadau wa mito, hamjambo. Naomba mwongozo. Kuna samaki mrefu kama nyoka, sentimita 90 hivi, aliyenaswa kwa ndoana Mto Athi chini kidogo ya Kitengela. Yuko hai kwenye pipa la lita 200. Mmoja anasema ni kamongo, mwingine anasema ni mkunga. Maswali ni matatu. Ni nani huyu? Anaweza kuzalishwa kwenye bwawa la shamba kama tilapia? Na ule ukuta wa simiti wa mita 1.5 uliojengwa kukatiza mto ili kukinga maji ya kunyunyizia mashamba, je, unahusika na malalamiko ya wavuvi kwamba siku hizi samaki hawa hawaonekani?

MwalimuWaMito
Ndugu, kabla ya yote funika pipa na uweke jiwe juu ya kifuniko. Mkunga hutoroka kwenye upenyo wa vidole viwili, na akishaanguka kwenye sakafu kavu anakwisha upesi, kwa maana hupumua pia kwa ngozi, na ngozi hiyo hufanya kazi ikiwa na unyevu na ute tu. Ndiyo sababu ukimfunga kwenye gunia lililoloa mahali pa baridi anastahimili saa kadhaa, lakini ukimshika kwa mikono mikavu au kitambaa kikavu unamvua ute, na vidonda vya ukungu vinafuata siku chache baadaye.

Sasa mtazame. Kamongo ana magamba makubwa unayoyaona kwa macho, na badala ya mapezi ya kawaida ana nyuzi nne, mbili mbele na mbili nyuma. Mkunga unamwona laini kabisa. Magamba anayo, ila ni madogo mno, yamezama ndani ya ngozi, yamepangwa kama ukindu uliosukwa. Nyuma tu ya mashavu ana jozi moja ya mapezi madogo ya mviringo. Pezi la mgongo, la mkia na la tumboni yameungana yakawa utepe mmoja. Kama hana yale mapezi mawili ya nyuma ya mashavu na meno yamemjaa mdomoni, huyo ni mkunga wa miambani kutoka baharini, na Kitengela hatafika.

Jambo jingine linalochanganya watu wa Nairobi ni kwamba samaki wengi wa maji baridi walioko sokoni hapa hutoka Ziwa Viktoria. Ziwa Viktoria ni maji ya Naili, hayamwagiki Bahari ya Hindi, na halina mkunga huyu. Mikunga wetu ni wa mito inayoteremka pwani: Athi, unaoitwa Galana ukishaungana na Tsavo, kisha Sabaki ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi, na Tana.

Mito ya upande huu wa Bahari ya Hindi ina mikunga wa aina nne: Anguilla mossambica, Anguilla bicolor, Anguilla marmorata na Anguilla bengalensis labiata. Mlaze kwenye kitambaa kilicholoa, umtazame ubavuni. Kama ana rangi moja bila madoa, tafuta pezi la mgongo linapoanzia. Likianzia karibu sawa na tundu la haja, ni bicolor, naye hupenda maji ya chini karibu na bahari. Likianzia mbele zaidi kuelekea kichwani, ni mossambica. Akiwa na madoadoa kama marumaru ni marmorata au labiata, na hao wawili kuwatofautisha kwa macho ni kazi hata kwa mtu mzoefu. Marmorata pezi lake huanza mbele zaidi. Wanaopanda mbali bara ni hasa mossambica na labiata, kwa hiyo anza kumfikiria mmoja wa hao.

Kitengela_Shambani
Asante sana, Mwalimu. Hana madoa, na pezi linaanzia mbele kabisa ya tundu. Kwa hiyo mossambica. Basi nikipata dume na jike?

MwalimuWaMito
Hapo ndipo pagumu. Bwawani hatazaa, hata ukimpa chakula gani.

Mkunga huzaa mara moja tu maishani, baharini, kisha hufa. Mazalia ya hawa wa kwetu yanadhaniwa kuwa mashariki ya Madagaska, kuelekea visiwa vya Maskareni. Mayai hutotoa lava, yaani vitoto vichanga, bapa, wembamba, wanaopitisha mwanga, wenye umbo la jani la mti. Lava hao hawaogelei safari nzima. Hubebwa na mkondo wa bahari wa Ikweta ya Kusini unaokwenda magharibi, wakapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, wakafika pwani ya Afrika. Huko mkondo hugawanyika, na tawi la kaskazini ndilo linalopanda Tanzania hadi Kenya. Safari hiyo ni ya miezi. Wakikaribia pwani hubadilika umbo, jani linakuwa uzi: mkunga kioo, sentimita 5 hivi, mwili unapitisha mwanga hata moyo unauona ukipiga. Hao huingia mlangoni mwa mto usiku, wakipanda na maji yanayojaa na kulala mchangani maji yanapokupwa. Baada ya hapo wanapata rangi na kuanza kupanda mto.

Humu mitoni ndimo wanamokula na kukua, miaka kumi na zaidi, wakiwa na tumbo la manjano au hudhurungi. Ikifika zamu ya kurudi, mwili unabadilika tena: macho yanakuwa makubwa, tumbo linang'aa kama fedha, mapezi ya nyuma ya mashavu yanarefuka na kuwa meusi, na utumbo unanywea. Kuanzia hapo hali tena, anatumia mafuta aliyoyaweka. Baharini huogelea kina cha mamia ya mita, mchana akizama chini zaidi na usiku akipanda. Mayai hayakomai mpaka safari hiyo. Bwawa lako halina shinikizo la kina hicho, wala giza, wala chumvi, na homoni za uzazi hazifunguki.

Wajapani walitotoa lava wa mkunga wa kwao maabara mwaka 1973, kwa kumdunga jike homoni kila juma. Kupata kizazi cha pili kutoka kwa wazazi waliokuzwa maabara kuliwachukua hadi 2010. Mashamba makubwa ya mikunga duniani bado hununua vifaranga vilivyovuliwa milangoni mwa mito. Atakayekuuzia Nairobi "mbegu ya mkunga ya kuzalisha" anakuuzia samaki wa porini.

DadaVipimo
Naongeza jambo ambalo wavuvi wa huku juu hawaambiwi. Mkunga hazaliwi dume au jike. Jinsia huamuliwa akiwa mtoni, na msongamano una sehemu kubwa. Wanakobanana, chini karibu na bahari, wengi huwa madume, hubaki wadogo na huondoka mapema. Wanaopanda mbali, kwenye nafasi, hukua polepole na kuwa majike wakubwa. Huyu wa sentimita 90 aliyefika Kitengela ni jike, na jike wa kiasi hicho akifika mazalia hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo Mto Athi wa juu, pamoja na Mbagathi unaopita mpaka wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, si pembe ya mwisho isiyo na maana. Ni malezi ya akina mama. Ukimtoa mmoja hapa hasara yake ni kubwa kuliko kutoa kumi kule Sabaki.

FundiNgazi
Nijibu swali la tatu, la ukuta. Ndiyo, unahusika. Mita 1.5 kwa tilapia ni mwisho wa safari. Mkunga mdogo anaweza kupanda simiti yenye mikwaruzo na ukoga ikiwa imelowa, hata wima, kwa kushikwa na unyevu wenyewe. Lakini akishapita sentimita 10 au 12 uzito unashinda mshiko na anadondoka. Kuta nyingi pia zina mdomo uliochomoza juu ili maji yaruke yasile msingi. Mdomo huo humzuia hata yule mdogo kabisa, kwa maana hana pa kushika akiwa amening'inia.

Dawa yake ni ngazi ya mikunga. Si ngazi ya vidato, ni mlalo wenye unyevu na vya kushika. Kwa mita 1.5, ukilaza kwa nyuzi 30, unahitaji mlalo wa mita 3. Upana sentimita 40, kingo sentimita 15. Sakafu unapandikiza brashi za nailoni zenye urefu wa sentimita 7, mashada yakiachana sentimita 1.5 hadi 2. Maji ya juu yaletwe kwa bomba la inchi moja yateleze kama utando, milimita 2 hadi 10, yasiwe mfereji. Maji yakiwa mengi yanamshinda, kwa maana mkunga hapandi kwa kuogelea, anatambaa.

DadaVipimo
Fundi, hapo nakupinga kwa heshima. Vipimo hivyo ni vya mlangoni mwa mto, kwa vifaranga vya sentimita 6 hadi 15. Samaki anayefika Kitengela ametambaa mamia ya kilomita kutoka Malindi, amepita maporomoko ya Lugard na ya Fourteen Falls. Huku hafiki akiwa uzi. Anafika akiwa na sentimita 25, 30, wengine zaidi. Kwenye brashi za sentimita 1.5 hatapenya, na kwenye nyuzi 30 atateleza.

Kwa ukuta wa huku weka mlalo wa nyuzi 15 hadi 20. Kwa nyuzi 15 mita 1.5 inakupa mlalo wa karibu mita 5.8; kwa nyuzi 20, mita 4.4. Badala ya brashi tumia mawe ya mto ya ukubwa wa ngumi, yaliyozamishwa nusu kwenye simiti mbichi, yakiachana sentimita 3 hadi 5, yapangwe kwa kupishana ili mwili upate pa kujisukumia kushoto na kulia. Mkunga hupanda kwa ubavu, hasukumi kwa tumbo. Kila mita mbili acha kidimbwi kidogo cha kupumzikia, kina cha sentimita 10.

FundiNgazi
Dada, nakubali, umbali wa bahari sikuuweka kwenye hesabu. Mawe basi. Nyongeza yangu ni tatu.

Sakafu iinamishwe pia kwa upande, sentimita 5 hivi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mto ukipanda au kushuka, mahali fulani kwenye upana patakuwa na utando wa maji wa kiasi kinachofaa. Ukiiweka bapa, siku moja yote kavu, siku nyingine yote mfereji.

Mguu wa ngazi uzame angalau sentimita 30 chini ya kiwango cha kiangazi, uegemee ukuta na ukingo wa mto, mahali ambapo maji hayavurugiki. Mkunga hutafuta njia akipapasa pembeni mwa ukuta. Ngazi inayoanzia mita tatu mbele, katikati ya mto, ataipita kando bila kuijua. Na kichwa cha ngazi kiishie kwenye maji tulivu, mbali na pale maji yanapomwagika, la sivyo aliyepanda usiku kucha anasombwa na kurudi chini kwa dakika moja.

Ya tatu, kamba. Ukingoja pesa za simiti, teremsha kamba nene za makumbi tatu au nne juu ya ukuta, zilale kwenye maji yanayotiririka, ncha zizame chini. Katani inaoza upesi. Makumbi yanavumilia maji kwa muda mrefu. Zinasaidia wale wadogo tu, lakini ni kazi ya asubuhi moja.

Korongo_wa_Ruai
Mnasahau takataka. Mito ya Nairobi na Mathare huingia Athi na mifuko, nguo, chupa, na baada yake gugumaji. Ngazi ya mawe yaliyoachana sentimita 3 huziba katika mvua ya kwanza. Weka vyuma vya kukinga juu yake, vikiachana sentimita 8, viinamie maji yanakotoka ili taka zipande juu zisisukumwe ndani. Isafishwe kila baada ya mafuriko, si mwisho wa mwezi. Na ifunikwe kwa wavu wa kivuli. Kenge na korongo wakigundua kuna foleni ya mikunga mahali pamoja hawaondoki, na jua la saa tano juu ya simiti linaua aliyechelewa njiani.

DadaVipimo
Na mjue kama inafanya kazi. Kichwani mwa ngazi weka ndoo ya lita 20 yenye matundu ya milimita 3 kwa siku kumi za mvua za Machi hadi Mei na kumi za Oktoba hadi Desemba. Iwekwe jioni, ikaguliwe alfajiri, sponji iliyoloa ndani, kifuniko juu. Pima urefu, hesabu, achilia upande wa juu. Kumpima bila kumuumiza tumia mafuta ya karafuu: mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 9 za ethanoli safi (si spiriti ya taa), tikisa, kisha mimina yote kwenye lita 10 za maji ya mto. Mafuta peke yake huelea juu na hayafanyi kitu. Akilegea na kugeuka ubavu, pima upesi, mrudishe maji safi yenye hewa mpaka ajishike mwenyewe. Ukimwachilia bado amelegea, mkondo unampeleka. Samaki aliyelazwa hivyo asiliwe.

Chini ya ukuta tumia mgono, mlango ukielekea mto unakoteremka, chambo kikiwa nyungunyungu au matumbo ya kuku, usiku usio na mbalamwezi. Sehemu ya nyuma ya mgono ibaki juu ya maji. Kobe na fisi maji huingia wakifuata chambo, na mgono uliozama wote unawaua.

Korongo_wa_Ruai
Mimi naona ngazi ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Anayepanda ni mdogo na ana miaka ya kujaribu. Anayeteremka ni yule mama wa mayai mamilioni, ana nafasi moja. Huondoka na mafuriko ya kwanza, usiku wa giza, akifuata mkondo mkubwa zaidi. Usiku huo mkondo mkubwa mara nyingi ndio unaoingia kwenye pampu za mashamba. Kwenye mitambo ya umeme ni vibaya zaidi, kwa maana mwili mrefu haupiti kirahisi katikati ya mapanga ya mtambo bila kukatwa. Mto Tana una mabwawa matano mfululizo: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Jike aliyeko juu ya Masinga ana mitambo mitano mbele yake. Athi hauna mfululizo wa mitambo mitano kama huo, na ndiyo maana unastahili kutunzwa sasa.

Kwa pampu ya shamba hesabu ni rahisi. Tuseme inavuta lita 20 kwa sekunde. Unataka maji yaingie kwenye wavu unaofunika mdomo wa bomba la kuvutia kwa mwendo usiozidi mita 0.1 kwa sekunde, ili hata mdogo aweze kujitoa. Gawa 0.02 kwa 0.1, unapata uwazi wa mita mraba 0.2. Waya za wavu zenyewe huziba karibu nusu, kwa hiyo eneo zima liwe 0.4. Hiyo ni ngoma ya wavu yenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa sentimita 35. Ifanye sentimita 70, kwa sababu nusu itazibwa na majani. Macho ya wavu milimita 3. Ngoma isimame sambamba na mkondo, si kuukabili. Na usiku ule wa mafuriko ya kwanza, zima pampu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri. Mvua inanyesha, shamba halina kiu.

Kitengela_Shambani
Pampu inavuta lita 12 kwa sekunde, basi ngoma ya sentimita 45 itatosha hata ikiziba. Nashukuru. Kuna majirani wanataka kumla huyu wa pipani. Ana madhara?

MwalimuWaMito
Damu yake mbichi ina sumu. Ikiingia jichoni au kwenye kidonda inachoma vibaya, na kuinywa ni hatari. Moto huivunja, kwa hiyo nyama iliyoiva hadi kwenye mfupa haina shida hiyo. Shida ya huku ni nyingine, na moto hauitoi. Mkunga ana mafuta mengi na huishi miaka mingi matopeni, akila kaa, vyura na samaki wadogo. Madini kama risasi na sumu za viwandani hujikusanya mwilini mwake mwaka hadi mwaka. Maji yenye hewa haba yanayofukuza samaki wengine yeye huyavumilia, kwa hiyo kumkuta hai mahali si dalili kwamba maji ni mazima. Kuanzia pale maji ya jiji yanapoingia Athi kwenda chini, asiliwe, hasa na mama mjamzito na watoto.

DadaVipimo
Cha kufanya sasa ni kujua kama bado analelewa au yuko safarini. Chukua rula ya plastiki. Pima jicho kwa milimita, upana na kimo. Jumlisha, gawa kwa 4, zidisha jawabu kwa lenyewe, zidisha kwa 3.14, gawa kwa urefu wa samaki kwa milimita, kisha zidisha kwa 100. Kwa mkunga wa Ulaya 6.5 kwenda juu ni mkunga wa fedha, na kwa hawa wetu ni mwongozo mzuri ukiongeza dalili za tumbo na mapezi. Mfano: urefu 900, jicho 7 kwa 7, unapata 4.3, bado ni wa manjano. Jicho 10 kwa 10, unapata 8.7, huyo ameanza safari.

Kitengela_Shambani
Urefu 910. Jicho upana 10, kimo 9. Napata 7.8. Tumbo ni jeupe linalong'aa, mapezi ya kando meusi.

DadaVipimo
Basi yuko safarini. Usimpe chakula, hatakula, utachafua maji tu. Usimrudishe juu ya ukuta wala usimhamishie mto mwingine. Kusafirisha samaki hai kutoka maji haya hadi yale kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, na kuna minyoo ya kibofu cha hewa tusiyotaka kuieneza. Mwachilie Athi ule ule, chini ya ukuta, saa mbili usiku, penye kina na mkondo. Gunia liloe. Zamisha mdomo wa gunia majini, uache atoke mwenyewe.

Kitengela_Shambani
Leo saa mbili. Pampu itazimwa tangu saa kumi na mbili.